Talaka ya Shemasi

Mama wa ofisi ya malipo ya hospitali aliinuka kwanza akafunga mlango, akarudi kukaa, akashusha sauti.

"Mzee Stiltner, hili siruhusiwi kuwashauri, kwa hiyo sijawashauri. Nasema tu kwamba wapo waliofanya."

"Waliofanya nini?"

"Waliopeana talaka."

Verlon Stiltner alimtazama mkewe Oleta. Oleta aliutazama mkoba wake uliokuwa mapajani. Tangu walipopanda ngazi za mlangoni pumzi ilikuwa haijamrudia sawasawa, na midomo yake ilikuwa imeingia rangi ya zambarau. Vali moja ya moyo wake ilikuwa imekakamaa. Daktari alikuwa amewaambia wazi, bila kuzungukazunguka, kwamba bila upasuaji mama huyu kiangazi hiki hakimalizi.

"Bima si inanunuliwa?" Verlon aliuliza.

"Dirisha la kujiandikisha limefungwa, mzee. Linafunguliwa Novemba, na bima yenyewe inaanza kazi Januari."

"Na Udugu wameshakataa kabisa?"

"Wameshakataa. Barua yao ninayo."

Udugu ndio chama Verlon alichokuwa akikichangia kila mwezi badala ya bima. Ni waumini watupu, wametapakaa nchi nzima, na mmoja akiugua wenzake wanamtumia fedha za matibabu. Hakuna mkataba, hakuna serikali, ni imani tu. Sasa Udugu walikuwa wamechimbua kwamba Oleta aliwahi kuugua homa ya baridi yabisi, ile inayoharibu moyo, akiwa msichana, wakasema ugonjwa huu aliingia nao, haukumkuta ndani. Wakamalizia kwa kusema wanamwombea.

"Ile kadi ya matibabu ya serikali angeipata leo hii," mama yule aliendelea, "lakini mshahara wako unahesabiwa na wake, na umevuka kiwango. Umevuka kidogo tu. Sasa kidogo nacho ni kuvuka. Angekuwa peke yake, hana kipato, angeipata bila maswali. Au wewe uache kazi kiwandani."

"Nikiacha kazi benki wanachukua nyumba."

"Ndiyo maana sijawashauri kitu."

"Mama, mimi ni shemasi," Verlon alisema.

"Najua, baba. Na yule wa mwezi uliopita alikuwa mchungaji." Aliinuka kuwafungulia mlango. "Jambo moja tu. Mkifanya, fanyeni kweli. Msionekane mnaigiza. Wakihisi udanganyifu, kadi wanaichukua hata mtu akiwa amelala kwenye meza ya upasuaji."

&nbsp;

Ukifika kwa akina Stiltner, pale juu ya kijito, kitu cha kwanza unachokiona ni bango kwenye majani, kabla hata hujaiona nyumba. Bango la mgombea: HAPANA KWA UJAMAA. Verlon mwenyewe alilichomeka, akalipigia msumari wa ziada kwa sababu ya upepo.

Siku hiyo walimkuta Hobart amekaa barazani na mtungi wake wa hewa pembeni. Hobart ni kaka yake Oleta. Alichimba makaa ya mawe mpaka mapafu yakajaa vumbi, na hana kazi nyingine siku hizi isipokuwa kumchokoza shemeji yake. Oleta alimsimulia yote huku akivua viatu. Hobart alicheka mpaka mrija ukamtoka puani.

"Shemeji, yaani bango lile pale nje, halafu humu ndani unaombewa kadi!"

"Hakuna aliyeomba kadi."

"Hebu niambie basi. Huo Udugu wako, kila mtu anatoa, mgonjwa anapewa. Sasa huo si ndio ujamaa wenyewe? Tofauti yake nini?"

"Ule ni hiari," Verlon alisema. "Natoa kwa moyo wangu. Serikali inakuja na bunduki inachukua mfukoni mwangu, inampa mtu ambaye hajaamka asubuhi hata siku moja."

"Na hiyo hiari imemlipia dada yangu dola ngapi?"

Hobart akarudisha mrija puani.

"Mimi kifua changu serikali inakilipia kila mwezi. Umeniona nimeota pembe?"

"Wewe ulifanya kazi. Kifua kile umekitolea jasho."

"Na dada yangu hajafanya kazi? Aliyekuuguzia mama yako kitandani miaka yote ile ni nani, paka?"

"Hobart, basi," Oleta alisema kutoka jikoni. "Njooni mle."

Msimdhanie Verlon vibaya. Mtu akiunguliwa na nyumba hapa kwetu, yeye ndiye wa kwanza kufika na msumeno na mbao. Lakini utotoni alisimamishwa na mama yake kwenye foleni ya jibini ya serikali, ile waliyogawiwa maskini bure, na mwalimu wake akapita kwa gari akamwona. Jambo lile halijamtoka mpaka leo. Watu wa kadi huwa anawatamka kama watu wanavyotaja chawa. Sasa unamwambia kwamba mke wake awe mtu wa kadi, tena ampe talaka ili awe! Alikula maharage yake yote bila kuinua uso.

&nbsp;

Kanisa likaandaa chakula cha mchango. Kwetu ndivyo tunavyofanya, mtu akizidiwa tunakusanyika ukumbi wa zimamoto, tunapika maharage na mkate wa mahindi, na kila mmoja anaacha alichonacho kwenye ndoo. Wiki nzima kabla ya siku yenyewe kulikuwa na chupa kubwa kwenye kaunta ya kituo cha mafuta, imebandikwa picha ya Oleta. Picha ilikatwa kutoka kwenye ile ya harusi ya binti yao aliye Ohio, na mkono wa Verlon ulikuwa bado upo begani kwake, mkono mtupu usio na mwenyewe.

Oleta aliwekewa kiti mlangoni awashukuru watu wanapoingia. Akakikataa kiti, akasimama, eti ni adabu. Akashika mikono ya watu mmoja mmoja, "Asante, asante sana, Mungu awabariki," huku kifua kinapanda na kushuka.

Bibi mmoja, sitamtaja, alimshika mkono akaung'ang'ania.

"Pole mama. Nilikuona juzi dukani umenunua nyama ya kuchoma. Nikasema afadhali, kumbe hali si mbaya sana."

"Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Verlon," Oleta alisema.

"Eeh, ni vizuri kusherehekea."

Oleta aliendelea kutabasamu. Masikio yalimwaka moto.

Mgombea naye akaja, yule wa kwenye bango, na viatu vyake safi. Akapanda kwenye benchi na sahani ya maharage mkononi. "Jamani, hiki ndicho wale wa mji mkuu hawakielewi! Wanataka serikali iwatibu watu wote bure, kama vile kuna cha bure. Sisi hatuhitaji ujamaa. Tunatunzana wenyewe! Au vipi, Ndugu Verlon?"

Ukumbi mzima ukamgeukia Verlon. Alikuwa ameshika kijiko cha kupakulia. Alikiinua kidogo, watu wakapiga makofi. Mgombea alishuka, akapigwa picha pamoja na ndoo, akaondoka kabla ndoo haijahesabiwa.

Ilipohesabiwa, Mchungaji Skaggs alilia machozi, na kusema kweli watu walikuwa wametoa. Wajane walitoa. Wasio na kazi walitoa. Zilizopatikana zingeweza kumlipa mtaalamu wa kumlaza mgonjwa usingizi, naye si malipo yake yote. Mpasuaji, vali, kitanda, dawa, hayo yote yalikuwa bado.

Wakiwa kwenye pikapu wanarudi, Oleta aliongea, macho kwenye barabara.

"Verlon, nataka talaka."

"Usiseme hivyo."

"Nimesema. Leo nimewashukuru watu mpaka sauti imekauka, na bado nakufa. Sitaki tena kushukuru. Nataka kutibiwa."

"Bwana atafungua njia, Leta."

"Ameshafungua. Tatizo njia yenyewe wewe huipendi."

Verlon alisimamisha gari pembeni, akaegemeza kichwa kwenye usukani. Baada ya muda Oleta akamwambia awashe gari, baridi inaingia.

&nbsp;

Verlon alikubali talaka, habari zikamfikia Mchungaji Skaggs, naye akaja Jumatatu. Alikataa kahawa, na mchungaji akikataa kahawa hapa kwetu ujue amekuja na jambo.

"Ndugu Verlon, nakujua. Kanisa zima linajua kwa nini unafanya. Hakuna anayekuhukumu."

"Lakini."

"Lakini mwanaume aliyetoa talaka hawezi kuwa shemasi. Hilo si langu, unajua limeandikwa wapi. Tulimwondoa marehemu Orval kwa hilo hilo, na wewe ndiye uliyesimama ukaunga mkono."

"Nakumbuka."

"Na baada ya hapo..." Mchungaji akakuna shingo. "Mtu na mwanamke asiye mkewe, nyumba moja. Vijana wanatazama, Ndugu Verlon. Nitawaambia nini?"

"Sitaishi na mwanamke asiye mke wangu," Verlon alisema. "Hilo hukuwa na haja ya kuja kuniambia."

Oleta alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. "Lonnie Skaggs," alisema, na hakumwita mchungaji, "hii ndoa uliifungisha wewe. Nilikuwa mke wake mbele za Mungu asubuhi ya leo. Karatasi ya mahakama inamfikia Mungu kwa njia gani?"

Mchungaji alitazama kofia yake. Hakuwa mtu mbaya, hata kidogo, na swali lile lilimlaza macho siku nyingi. Verlon akautoa ufunguo wa kanisa kwenye kitita cha funguo zake. Uligoma kutoka, ikabidi atumie ukucha, wote watatu wakasubiri. Alipompa, Mchungaji aliushika kwa vidole viwili.

Mchana ule Verlon akaivuta karavani yake ya kuwindia, kijumba cha magurudumu, mpaka pembeni ya bango, akaunganisha waya wa umeme kutoka nyumbani. Hobart alimtazama kutoka barazani.

"Shemeji, utalala humo na miguu yako yote hiyo?"

"Nitakunja."



&nbsp;

Mahakama ya wilaya ina viti vigumu na hakimu mwanamke asiye na mchezo. Wakili aliwaambia nje kwamba ni jambo la dakika tano. Hati inasema mna tofauti zisizosuluhishika, mmoja anasema zipo, mwingine anakubali, hakimu anatia sahihi. "Mtasema ndiyo tu," aliwaambia. "Hata mtoto anaweza."

Wakainua mikono, wakaapa. Hakimu akaanza na Verlon.

"Bwana Stiltner, mkeo anadai kuna tofauti zisizosuluhishika kati yenu. Unakubali?"

Verlon aliutazama ule mkono aliouinua kuapa.

"Bwana Stiltner?"

"Nimeapa, mheshimiwa."

"Ndiyo, umeapa. Nakusubiri."

"Sasa nitasemaje? Huyu mwanamke hatujawahi kulala tumenuniana. Namkosea, ananisamehe. Ananikosea..." Akafikiri. "Hajanikosea."

Wakili alikohoa kikohozi cha uongo. Hakimu akaweka kalamu chini taratibu, akavua miwani.

"Wakili, mteja wako ananiambia hakuna sababu ya talaka. Kama hakuna, mimi siwezi kuitoa. Na kama kuna kitu kingine kinachoendelea hapa, sitaki kukisikia."

Miguu ya Oleta ilikuwa imevimba ndani ya viatu. Aliona kadi inaondoka, na upasuaji unaondoka, na yeye mwenyewe anaondoka nyuma yake, na yote hayo kwa sababu aliolewa na mwanaume asiyejua kudanganya. Mtu huyu! Ungetamani kumzaba kofi na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

"Mheshimiwa, naomba niseme mimi," alisema Oleta.

"Sema, mama."

Alisimama, akashika ukingo wa meza.

"Tofauti ipo. Mume wangu anaamini hakuna mtu anayestahili kutibiwa kwa fedha ya mtu asiyemjua. Anaamini hivyo hata mgonjwa akiwa ni mimi. Mimi naamini sistahili kufa kwa sababu mume wangu ana kazi." Akavuta pumzi. "Hilo hatujaweza kulisuluhisha. Tumejaribu jikoni, tumejaribu kwenye gari, tumelipigia magoti. Mimi nina mpaka mwisho wa kiangazi."

Karani aliacha kuandika. Hakimu akamgeukia Verlon, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini.

"Ni kweli, mzee?"

Verlon alikuwa akimtazama mkewe kana kwamba ameingia mtu mgeni. Hakuwahi kulisikia likisemwa hivyo, kwa mpangilio, na jina lake ndani yake.

"Ni kweli," alisema.

"Na msimamo wako ni ule ule?"

Hapo ndipo kila mtu alipoomba moyoni mwake. Angesema amebadili, talaka ingekufa palepale. Lakini kubadili hakukuwa kumemfika. Kilichomfika ni aibu na hofu, na alijua kwamba hivyo si kitu kimoja na kubadili.

"Sijabadili, mheshimiwa," alisema, na machozi yakamtiririka mpaka kwenye kola. "Najaribu, lakini sijabadili."

"Basi zipo," alisema hakimu, akavaa miwani na kutia sahihi.

Huko nje Verlon alimfungulia Oleta mlango wa pikapu kama alivyozoea, akamshika kiwiko kumpandisha. Halafu akakumbuka, akakiachia kiwiko. Oleta akapanda mwenyewe, kwa shida.

&nbsp;

Kadi ilikuja kwa posta. Asubuhi ya upasuaji Hobart ndiye aliyetia sahihi kama ndugu, lakini hewa ya mtungi ilipungua, wakamshusha chini kubadilishiwa. Akabaki Verlon, amesimama kando ya kitanda chenye magurudumu, kofia mkononi.

Nesi kijana alikuja na karatasi zake. "Wewe ndiye mume, sio?"

Verlon alifungua mdomo kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akaliona lile faili, akamkumbuka mama wa ofisi ya malipo na mlango wake uliofungwa.

"Jirani," alisema.

"Ah, jirani. Basi majirani wanaishia hapa, baba. Kule ni ndugu tu."

Oleta alimtazama mtalaka wake kwa muda. Kisha akageukia ukutani, akatoa meno yake ya bandia, akayafunga kwenye kitambaa, akamtia Verlon mkononi. Katika dunia hii hakuna mtu aliyewahi kumwona Oleta bila meno isipokuwa Verlon. Hata Hobart hakujua kwamba ni ya bandia.

"Nishikie, jirani," alisema kwa midomo iliyolegea, akasukumwa ndani.

Verlon alikaa kwenye viti vya ukumbini, kitambaa ndani ya mfuko wa koti na mkono juu yake. Televisheni ya ukutani ilikuwa inaonyesha watu wawili waliovaa tai wakibishana kuhusu matibabu kwa wote, mmoja akisema ni haki, mwingine akisema ni ujamaa, wote wawili na mashavu yenye afya. Mtu mmoja pale ukumbini akasema, "Huyo wa kushoto anataka tuwe watumwa wa serikali," akamtazama Verlon amuunge mkono. Wakati mwingine wowote Verlon angeunga. Alinyanyuka akahamia kiti cha mbali.

Daktari alitoka mchana, kofia ya kijani bado kichwani.

"Nani yupo kwa ajili ya Oleta Stiltner?"

Hobart alikuwa bado hajapanda. Verlon alisimama.

"Imekwenda vizuri," daktari alisema. "Vali mpya inafanya kazi, na ameshaamka. Ila analia, hataki nesi yeyote amwone uso. Anadai meno yake, anasema yako kwa mume wake." Akafunua faili, akapitisha kidole. "Lakini hapa kwenye karatasi sioni mume. Wewe ndiye?"

Alikuwa anamtazama usoni, naye Verlon Stiltner alikuwa hajawahi kumtazama mtu usoni akasema uongo. Mbele ya hakimu ulimshinda, na kule mkono ulikuwa juu kwa kiapo.

"Ni dawa za usingizi hizo, daktari," alisema. "Zinamchanganya. Mama huyu hana mume."

Akakitoa kitambaa mfukoni, kimepata joto la mkono wake, akamkabidhi daktari.

"Mimi aliniachia nimshikie tu. Mpelekee upesi, hapendi kuonekana hivyo."

Daktari alirudi ndani. Verlon akaketi tena, akaiweka kofia gotini, akamwuliza nesi aliyekuwa anapita ni saa ngapi majirani wanaruhusiwa kuingia.